Shaba Iliyozama Mapema

Habari za kifo cha Njeru zilinikuta sokoni Gakoromone, mjini Meru, nimeinama juu ya rundo la viazi, nikibishana na mwanamke aliyetaka kunichanganyia vidogo na vikubwa. Simu ililia mkobani. Sauti ilikuwa ya mtu nisiyemjua. "Anti Kagendo? Mimi ni Igoki, msichana wa Njeru, huku Kiambere. Baba alituacha jana." Nilimwuliza swali la kijinga, kama alikufia shimoni. Akajibu, "Hapana, ilikuwa kifua. Lakini aliniambia siku moja wewe ndio utauliza hivyo." Nikampa pole, nikalipia viazi vidogo na vikubwa bila kubisha tena, nikarudi nyumbani kwangu Kaaga. Sikulia siku hiyo. Nililia Jumapili kanisani, katikati ya matangazo ya ukarabati wa choo, na wenzangu wa kiti cha mbele walinitazama kwa wasiwasi. Sikuweza kuwaeleza kwamba ninamlilia mtu niliyefanya naye kazi mwaka mmoja tu, ujanani, na kwamba katika mwaka huo ndipo nilipojifunza kutoamini kitu chochote kwa sababu tu ninakitaka.

Nilikotoka hakuna umuhimu hapa. Inatosha kusema nilikuwa msichana wa Kimeru aliyesoma kemia na asiyeogopa asidi, na kwamba ofisi moja ya kutafuta madini ilihitaji mtu wa aina hiyo mjini Embu. Ilikuwa miaka ya sabini, bwawa la Kiambere halijawaziwa na wengi, na Mto Tana ulikuwa bado unapita chini ya Kiambere bila kuzuiwa mahali pale. Maabara niliyopewa ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho. Meza mbili, bomba la maji lililokohoa kabla ya kutoa maji, dirisha lililozibwa kwa kadibodi, na mizani iliyotoka ng'ambo ambayo haikutulia hata kidogo kinu kikisaga. Kwa hiyo nilipima uzito wa mawe wakati msagaji anakula. Alipokaa mlangoni na sahani yake ya muthere, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mimi nilikimbilia mizani. Alipofuta mdomo nilijua muda wangu umekwisha, na vumbi la unga lingeanza tena kutua juu ya kila kitu, hata kwenye nywele zangu, hivi kwamba jioni nilionekana mzee kuliko nilivyo leo.

Njeru ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi ile. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, na hata jua la Mbeere, nchi kavu ya kwao, likiwaka alivaa sweta ya kijani aliyofumiwa na mama yake. Shingoni alining'iniza sumaku kwa kamba ya kiatu. Alikuwa wa kwanza kutoka mgongo ule wa kilima juu ya Kiambere kusoma elimu ya miamba chuoni, na watu wa kwao walimwita injinia kwa sababu hawakuwa na jina jingine la mtu aliyesoma sana na bado anashika nyundo. Alikuwa amepewa nafasi ya kwenda kusoma zaidi ng'ambo. Aliomba asubiriwe. Aliniambia sababu siku ya kwanza, bila mimi kumwuliza, akiwa amekalia gunia la mawe. "Kagendo, kwetu mtu akitaka kazi anaondoka. Anaenda Mwea, anaenda Embu, anaenda Nairobi, hata mazishi tunangojea wabebaji jeneza watoke mbali. Mimi nataka mtu wa pale aamke, aende job kwa miguu, arudi kula kwake. Hiyo tu." Ofisi ilikuwa imempa mwaka huo kwa kilima cha kwao. Mawe yakisema vizuri, ingeleta mtambo wa kuchimba. Yakisema vibaya, kilima kingefutwa kwenye ramani ya kazi na hakuna ambaye angekirudia. Nilimwona mara moja kuwa ni mtu aliyeweka kila kitu chake mahali pamoja, na nilimpenda kwa hilo, ingawa sikuwahi kumwambia, na yeye hakuwahi kuuliza.

Kemia ya mawe ya moto ni yeye aliyenifundisha, na alinifundishia kwenye chakula, kwa sababu kinu kiliponyamaza ndipo tulipoweza kusikilizana. Chini kabisa, alisema, mawe huyeyuka yakawa uji. Ndani ya uji huo mna shaba kidogo na dhahabu iliyo kidogo hata kuliko shaba, zimetawanyika kote, wala hazimfai mtu. Ili ziwe kitu cha kuchimbwa lazima zikusanywe, na mkusanyaji ni salfa. Basi kila kitu kinategemea salfa inazikamata lini. Uji ukiwa na maji mengi na oksijeni ya kutosha, salfa hushikana na hiyo oksijeni ikatulia, haina haja na shaba. Shaba na dhahabu hubaki ndani ya uji, zinapanda nao hadi karibu na juu, na uji unapoanza kuganda maji yaliyomo hutoka kwa nguvu, hupasua mwamba, yanabeba shaba na dhahabu na kuziacha kwenye nyufa. Hapo ndipo mgodi unapozaliwa. Lakini uji ukiwa mkavu, wenye njaa ya oksijeni, salfa huikamata shaba mapema mno, kule kule chini. Hufanyika matone mazito, yanazama, na dhahabu inazama nayo. Uji unaopanda baadaye huganda ukawa jiwe zuri, gumu, la kujengea shule, lisilo na kitu. Aliingiza kijiko kwenye sufuria yangu ya muthere. "Maharagwe yakizama yote, anayepakuliwa kutoka juu atakula mahindi na maji. Atalaumu nani?"

Kazi yangu ilikuwa kuyauliza mawe kama uji wao ulikuwa na njaa. Chuma ndicho kinachoeleza, maana karibu kila jiwe lina chuma, na chuma hukumbuka kiasi cha oksijeni kilichokuwepo. Penye oksijeni nzuri hutokea chembe nyeusi zinazovutwa na sumaku, ndiyo maana Njeru alitembea na yake shingoni akiigusisha kwenye kila mwamba. Lakini sumaku si ushahidi wa kupeleka ofisini. Mimi nilisaga jiwe, nikaliyeyusha kwa asidi inayokula hata kioo, ndani ya kibakuli cha platinamu kilichokuwa na thamani kuliko jengo zima pamoja na kinu chake, halafu nikadondoshea dawa ya pamanganeti. Pamanganeti ni ya zambarau. Chuma chenye njaa huinywa: tone linaanguka, rangi inapotea. Linaanguka jingine, nalo linapotea. Chuma kikishiba, rangi ya waridi hafifu hubaki na haiondoki. Jiwe la maana, ukilinganisha na chuma chake chote, hunywa kidogo. Jiwe bure hunywa na kunywa. Njeru aliporudi kutoka Mbeere na vumbi jekundu hadi kope, hakusalimia. Alisimama mlangoni na kuuliza, "Imekunywa?" Nami mwanzoni nilijibu kwamba bado nasaga, kwa sababu kweli nilikuwa bado nasaga, na kwa sababu uso wake mlangoni ulinifanya nitake kuendelea kusaga.

Mara kwa mara nilikwenda naye kambini, ambako hakukuwa kambi bali ni boma la mama yake. Nalikumbuka jiko lile kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Lilikuwa la udongo, limepakwa jivu ukutani hadi kiunoni, na mlango wake uliangalia kilima chenyewe, ili mtu akichochea moto aone mwamba. Joto lilikuwa la kukausha ulimi. Mama Njeru alinipa uji wa wimbi kwenye kibuyu na ndengu za kuchemsha zilizokaangwa kwa kitunguu, akaniita mwari, kama tunavyowaita wasichana hata kwetu, na tulizungumza yeye kwa Kimbeere na mimi kwa Kimeru tukikutana katikati. Alikuwa mjane wa mzee wa kanisa. Picha ya marehemu ilikuwa ukutani sebuleni, mtu mwenye tai na uso wa kukataza. Vijana wachimbaji, wakiongozwa na mtu mzima aliyeitwa Mugo, walikaa kivulini wakitafuna majani ya muguka na kumtania Njeru kuhusu sumaku yake, kwamba angalau ingemvutia mke. Mugo alisema, "Injinia, hiyo mawe imekataa hiyo chuma yako. Jaribu kuning'iniza kitu ingine." Walicheka wote, na Njeru alicheka zaidi yao, lakini nilimwona akigusisha tena sumaku kwenye mwamba uleule, na tena. Haikushika.

Ndipo udongo ulipotuletea habari njema. Pamoja na mawe, tulikusanya udongo kilimani kote, kwa sababu shaba ikiwa chini, mizizi na maji huipandisha kidogo kidogo hadi juu. Kanuni ya kazi ile ni kwamba usichukue udongo uliolimwa, maana jembe huuchanganya na kuuharibia ushahidi. Sasa mgongo ule wa kilima ulikuwa umelimwa wote, hadi kwenye miamba, watu walikuwa wakipanda mtama mpaka mahali mbuzi anaogopa. Palibaki uwanja mmoja tu wa nyasi, si mkubwa, ambao jembe halikuwa limeugusa. Njeru aliufurahia. Alipowaambia vijana wachimbe pale, Mugo aliweka sururu chini. "Hapo chukua wewe mwenyewe, injinia. Hiyo mahali ni yenu." Njeru alidhani ni heshima ya shamba la watu, akavua sweta, akachimba mwenyewe, na wale wengine wakasimama mbali kidogo wakitazama kwingine. Niliupima udongo ule Embu kwa dawa inayogeuka waridi ikikutana na shaba. Wa mahali pengine kote ulibaki maji matupu. Wa uwanja wa nyasi uligeuka waridi iliyokolea mno, nikadhani nimekosea, nikaosha vyombo na kurudia, ukageuka tena. Katika chumba kile rangi moja ilikuwa na maneno mawili. Kwenye udongo iliniambia shaba ipo, na kwenye mawe ilichelewa kuja kwa sababu shaba ilikuwa imeenda zake. Nilimwambia Njeru lile la kwanza, naye aliketi sakafuni kwenye unga, sweta na yote, akafunika uso kwa mikono.

Jumapili iliyofuata Mama Njeru alisimama kanisani. Lilikuwa kanisa la mabati lisilo na dari, na sauti yake nyembamba iliwafikia wote. Aliomba kwamba Mungu aliyeficha vitu kilimani avitoe, ili watoto wa pale wasizikwe na wageni. Watu walisema amina kwa nguvu. Vijana waliokuwa wamefunga mizigo ya kwenda Mwea waliifungua. Mtu mmoja alianza kuchoma matofali ya kujenga hoteli, kwani wachimbaji wangekula wapi. Mimi nilikaa mwisho wa benchi, na mfukoni nilikuwa na majibu ya mawe.

Mawe yalikuwa yamekunywa. Si jiwe moja. Lile la kijivu lenye madoa, lile jeupe la kileleni, la kusini, la korongoni, yote yalikunywa zambarau tone baada ya tone hadi mkono ukaniuma, na waridi haikuja mpaka nilipokwisha kuchoka kuingoja. Nililaumu vumbi la unga, nikalaumu maji ya bomba, nikajilaumu mwenyewe, nikarudia kila kitu msagaji akiwa ameenda matanga na kinu kimenyamaza siku nzima. Yalikunywa vilevile. Tena nilipoyatazama kwa kioo cha kukuza hayakuwa na zile sindano nyeusi za madini ambayo hukua tu kwenye uji wenye maji mengi. Uji uliozaa kilima kile ulikuwa mkavu na mwenye njaa, na chochote ulichokuwa nacho cha thamani kilikamatwa na kuzama kabla haujaanza safari. Njeru aliposimama mlangoni na kuuliza, "Imekunywa?" nilimwambia ndiyo, yote. Alikuja akaangalia chupa. "Rudia." Nikamwambia nimerudia. Akafikiri, akasema, "Hizi ni za juu. Na chini je?"

Hilo lilinikasirisha, na hata sasa nikilikumbuka linanikasirisha, kwa sababu jibu lake ni yeye aliyenipa. Nilimwambia, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkusanyiko hutokea karibu na juu. Kilima hiki ni kizee mno, mvua imeshakila kichwa na mabega, tunaposimama leo ndiko chini kwenyewe. Tukichimba zaidi tutapata jiwe lilelile, kavu zaidi. Alinisikiliza kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akijibu sawasawa. Akasema, "Ni kweli." Kisha akasema, "Lakini udongo hauwezi kudanganya." Udongo ulikuwa na shaba, tena nyingi, na shaba haiteremki na umande.

Niliupata ukweli jikoni, bila kuutafuta. Ilikuwa mchana, nimekaa nje ya ukuta nikichambua ndengu mahali penye kivuli, na ndani Mama Njeru alikuwa akiosha masufuria na jirani yake Marigu, mwanamke aliyetusaidia kupika. Marigu aliuliza kama ni kweli wanataka kuleta mtambo pale kwa mhunzi. Mama Njeru akasema waache walete. Marigu akasema, hata wewe, baba ya mume wako aliacha maneno mahali pale, nani atashika jembe? Mama Njeru akacheka kicheko kifupi. "Maneno gani. Watapata nini hapo kama si waya? Mimi nilikuwa bibi arusi, niliiona kwa macho yangu, imeviringishwa kwa paa ya ghala, waya ya simu ya mzungu. Alikuwa akiiyeyusha hapo na kumwaga na kufua bangili, na mabaki yote yanaenda kwa nyasi. Nikaambiwa nikisema, sote tutafungwa. Halafu bwana yangu akaokoka, akasema hakuna mtu atataja huyo mzee tena kwa hii nyumba." Marigu akauliza, na Njeru anajua? Nilisikia tu sufuria ikisuguliwa kwa mchanga, muda mrefu kuliko inavyohitaji sufuria.

Basi ndivyo ilivyokuwa: shaba ya udongo ule ilitoka kwenye waya ulioibwa. Kwetu sote huku, chini ya Mlima Kenya, mhunzi alikuwa mtu wa kuogopwa, na alipofulia hapakulimwa, kwa kuwa neno lake lilikuwa na nguvu kuliko la watu wengine. Kila mtu pale mgongoni alijua kwa nini uwanja ule ni wa nyasi, isipokuwa Njeru, aliyelelewa na baba aliyekuwa amefuta habari za baba yake mwenyewe, na kupelekwa bweni mapema. Kanuni yetu ya kitaalamu, ile ya kutafuta udongo usioguswa na jembe, ilitupeleka moja kwa moja kwenye jivu la babu yake. Hakuna mtu aliyetudanganya. Mugo alisema wazi kwamba mahali pale ni pa kina Njeru. Ni sisi tuliosikia shamba wakati yeye alisema laana.

Nilimweleza Njeru jioni ileile, kabla jua halijatua, tumekaa kwenye mwamba. Nilimweleza yote, waya, ghala, bangili, na kwa nini Mugo aliweka sururu chini. Sijutii. Mtu anayeyajua mawe hana ruhusa ya kunyamaza, na ningesema tena leo. Alizungusha sumaku kwenye kamba. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au hasira. Badala yake uso wake ulifunguka polepole, ukawa na furaha, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Babu alikuwa mhunzi," akasema. "Wa shaba. Hapa hapa." Nikamwambia, wa waya, Bwana Njeru. Akasema, "Waya ndio mama aliambiwa. Mhunzi ataambia bibi arusi wa juzi mahali anatoa shaba yake? Kagendo, fikiria. Kwa nini alikaa hapa kwa hii ukame, na si mahali pengine? Alikuwa anachimba." Nilimwambia mawe yamekunywa. Akasema, "Hizo tulichukua sisi. Si zake."

Usiku huo kwenye chakula alimwuliza mama yake, mbele yangu. Ndengu zilikuwa kwenye sinia, taa ya mafuta katikati. Alimwuliza kwa Kimbeere, kwa upole, kama ni kweli babu alikuwa mhunzi. Mama Njeru alinitazama mimi kwanza, akajua nani aliyesema, kisha akamtazama mwanawe. Sijui aliona nini usoni pale, au ninajua, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakiona. "Alikuwa," akasema. Na waya, Njeru akauliza, uliwahi kuiona waya? Mama Njeru alichukua kijiko, akampakulia tena ingawa sahani yake ilikuwa bado imejaa. "Hayo ni mambo ya wanaume," akasema. "Mimi sikuona waya yoyote." Alisema bila kutikisika, mwanamke aliyesali hadharani bila kuogopa. Sikumwumbua. Nilikula ndengu zangu.

Mwaka ulipoisha majibu yangu yalikwenda ofisini, na ofisi ikafanya kile ambacho ofisi hufanya. Mtambo haukuja. Aliyechoma matofali aliyauza kwa mtu wa kujenga zizi, na vijana wakafunga mizigo upya, safari hii na wake zao. Maabara ilifungwa, kibakuli cha platinamu kikafungwa kwenye pamba na kurudishwa, na kinu kikachukua chumba chote. Njeru alipewa kituo kingine pwani. Alikataa. Nafasi ya ng'ambo nayo ilikwenda kwa mwingine, aliyekuja kuwa mtu mkubwa. Siku yangu ya mwisho Embu, kabla vyombo havijafungwa, alinijia na jiwe moja kwenye leso, kutoka kwenye shimo alilochimba mwenyewe kwenye uwanja wa nyasi. Nilikuwa na pamanganeti kidogo iliyobaki kwenye bureti, ule mrija wa kudondoshea. Alisimama mlangoni, mahali pake. Nilisaga kipande, nikakiyeyusha, nikadondosha mpaka ikaisha, na rangi haikubaki. Hakuuliza. Alinishukuru, akalichukua jiwe lake, akaenda.

Alichimba maisha yake yote. Alioa, akapata Igoki aliyepewa jina la Mama Njeru, akajenga nyumba kwenye uwanja ule ule wa mhunzi kwa kuwa yeye hakuogopa laana, na nyuma ya nyumba akafungua shimo, na likijaa maji au kuporomoka alifungua jingine. Alifundisha shule ya karibu ili ale. Kila alipopata mtu wa kuja Meru alinitumia jiwe, nami niliyapokea, nikayatazama, nikatuma salamu. Yapo hapa Kaaga, yamezunguka kitalu changu cha sukumawiki. Ni mawe mazuri, magumu, na hakuna hata moja linalovutwa na sumaku. Mama Njeru alikufa bila kubadilisha neno lake. Nilimwona mara moja kabla, amelala kitandani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwari, ungekuwa na mtoto ungeniambia niseme nini?" Sikuwa na mtoto.

Mazishi yalikuwa makubwa kuliko nilivyotarajia, ingawa wabebaji wengi walitoka Nairobi na hawakujua njia ya kwenda choo. Bwawa lilikuwa linameta kule chini. Kaburi lilichimbwa kando ya nyumba, kama ilivyo desturi, na nyumba ikiwa pale ilipo, kaburi likawa katikati ya uwanja wa mhunzi. Nilikuwa nimekaa hemani niliposikia mnong'ono ukipita kutoka kiti hadi kiti. Wachimba kaburi walikuwa wametoa madonge meusi kwenye jivu la zamani, na kwenye madonge yale kulikuwa na kijani, kijani safi cha shaba iliyooza. Watu waliinuka. Ibada ikaendelea, lakini nusu ya watu walikuwa wameelekea rundo la udongo, wakiokota na kufunga kwenye leso, na mchungaji alipotaja mavumbi kwa mavumbi hakuna aliyemsikiliza.

Baadaye Igoki alinijia nyuma ya jiko. Ni mwanamke wa makamo, mwalimu kama baba yake, mwenye mwanya uleule. Alifungua kiganja. "Anti, hii ni nini?" Nikamwambia ni shaba. Macho yake yakajaa. "Kwa hivyo baba alikuwa right." Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamweleza yote, kutoka mwanzo, polepole, kwa Kiswahili cha kueleweka: uji mkavu, salfa yenye haraka, shaba iliyozama mapema kabla kilima hakijakuwa kilima; halafu waya wa simu kwenye paa la ghala, na bibi yake aliyeuona kwa macho yake na kuukana mezani. Alisikiliza mpaka mwisho. Ni msikilizaji mzuri, hakunikatiza hata mara moja. Nikamwuliza kama ameelewa, akasema ameelewa kabisa. Alilifunga lile donge kwenye leso yake, akalitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Kisha akageuka akatazama rundo la udongo mwekundu, ambapo vijana walikuwa wanarudishia wa mwisho kaburini kwa majembe.

"Na chini je?" akauliza.